Paneli ya mota isiyo na mchoro: jinsi ya kuisoma kabla hujachomoa waya (mafundi wa Tabora na Kigoma karibuni)

#1 Mleta uzi (Ipuli, Tabora)

Mwangaluka wakuu.

Nimerudi juzi kutoka Igunga na harufu ya vanishi iliyoungua bado haijatoka kwenye shati langu la kazi. Naandika mambo yakiwa bado ya moto, kwa sababu kisa hiki nimekutana nacho zaidi ya mara moja na najua wengi humu mnakutana nacho.

Kuna mama ana kinu cha kukoboa mpunga, mota yake ni kilowati 22. Stata yake ya zamani (kifaa cha kuwashia mota) ilikufa, akapata paneli ya mtumba kutoka Dar, ikaletwa na lori mpaka mlangoni. Paneli yenyewe nzuri: breka kubwa, kontakta tatu (swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme), ovalodi (kinga inayokata mota ikizidiwa), taima, taa za ishara mlangoni. Mchoro hakuna. Fundi wa kwanza aliyeitwa alizichomoa waya sita za kwenda kwenye mota ili apate nafasi ya kupitisha kebo mpya. Hakuweka alama. Akazirudisha kwa kukumbuka.

Mota iliwaka kwenye sta (muungano wa kuanzia, unaovuta umeme kidogo) vizuri kabisa, kila mtu akashangilia. Taima ilipohamisha kwenda delta (muungano wa kazi kamili) ikaanza kunguruma, kinu kikazama mpunga ukiwa ndani, na kabla mtu hajafikia kitufe chekundu moshi ulishatoka upande wa feni. Nje kuna foleni ya magunia, ni mavuno, watu wamelala pale wakisubiri zamu zao.

Nilipofika nikakuta makosa mawili. Mota ina koili tatu zenye ncha sita: U1-U2, V1-V2 na W1-W2. La kwanza, U2 na V2 zilikuwa zimebadilishana nafasi. Kwenye sta kosa hilo halionekani, kwa sababu U2, V2 na W2 zote zinafungwa pamoja, ukizichanganya namna gani jibu ni lile lile. Kwenye delta U2 inatakiwa ikutane na V1, V2 ikutane na W1, W2 ikutane na U1. Sasa V2 imeenda kukutana na V1 yake mwenyewe: koili nzima imepata fezi moja ncha zote mbili, haina kazi, na koili mbili zilizobaki zinavuta kati ya fezi mbili tu. La pili, ovalodi ilikuwa imewekwa ampea 42 kama kibati cha mota kinavyosema, wakati ilikuwa imekaa kwenye waya za U1, V1, W1, ambako kwenye delta inapita asilimia 58 tu ya umeme wa mota. Ilitakiwa iwe kama 24. Ingekuwa 24 ingekata mapema. Kwa 42 ilingoja, na kungoja huko ndiko kulikoiua mota.

Sitaki kumsema yule kijana, aliitwa usiku na watu wamemsimamia kichwani. Ninachotaka kusema ni kwamba paneli isiyo na mchoro inasomeka. Karibu kila kitu kimeandikwa ndani yake. Ila ukishachomoa waya moja bila kuiandika, umefuta mstari mmoja ambao hutaurudisha kwa akili.

Kwanza iwe imekufa kweli

Zima swichi kuu, weka kufuli, ufunguo uwe mfukoni mwako, siyo kwa mlinzi. Halafu pima. Na kupima kwenyewe kuna utaratibu: gusa kipimo chako sehemu unayojua ina umeme uone kinasoma, kisha pima paneli fezi kwa fezi, fezi kwa nyutro, fezi kwa athi, halafu rudi tena sehemu yenye umeme uhakikishe kipimo hakikufa katikati. Bisibisi ya testa yenye taa ndogo ndani usiitegemee kwa kazi hii. Nimeiona ikikaa kimya kwenye fezi hai kwa sababu fundi amesimama juu ya gunia kavu.

Kuna mtego mwingine. Swichi kuu ya paneli inaweza kuwa imezimwa na bado kukawa na waya hai ndani, inayotoka paneli nyingine: ya boya la tangi, ya kinu cha jirani, ya jenereta. Paneli zilizojengwa kwa kufuata IEC 60204-1 (kiwango cha kimataifa cha umeme wa mashine) waya hizo huwa za rangi ya chungwa. Ukiona chungwa, ishike kama hai mpaka upime.

Na kama ndani kuna draivu ya kubadilisha kasi, usiiguse mara tu unapozima. Kapasita zake zinabaki na chaji. Ubavuni imeandikwa dakika za kusubiri. Zisubiri zote, kisha pima.

Anza na waya nene

Vijana wengi wakifungua mlango wanakimbilia msitu wa waya nyembamba na kuchanganyikiwa. Ziache. Shika njia ya nguvu kwanza, ifuate kwa kidole toka kebo inapoingia: swichi kuu au breka, kisha kontakta, kisha ovalodi, kisha terminali, kisha mota. Ni fezi tatu tu, na kila kifaa kina namba zake. Juu ya kontakta utaona 1/L1, 3/L2, 5/L3. Chini 2/T1, 4/T2, 6/T3. Namba witiri zinaingia, shufwa zinatoka. Hilo halibadiliki uwe na kontakta ya Ulaya au ya China.

Idadi ya kontakta na jinsi zilivyoungana itakuambia stata ni ya aina gani kabla hujasoma neno. Kontakta moja na ovalodi chini yake: mota inawashwa moja kwa moja. Kontakta mbili zilizolingana ukubwa, zimebanana ubavu kwa ubavu na kipande cha plastiki kati yake kinachozuia zote mbili zisivute kwa wakati mmoja, na fezi mbili zimepishana upande mmoja: hiyo ni ya kuzungusha mbele na nyuma. Kontakta tatu na taima: mara nyingi sta-delta.

Kwenye sta-delta tafuta kontakta ambayo upande mmoja pini zake tatu zimefungwa pamoja kwa kipande cha shaba au waya fupi. Hiyo ndiyo sta, na mara nyingi ndiyo ndogo kuliko wenzake, kwa sababu inabeba theluthi moja tu ya umeme wa mota. Iliyoshikana na ovalodi kwa kawaida ni ya laini. Inayobaki ni delta. Ukishazijua hizo tatu, chukua kalamu ya wino usiofutika uandike kwenye plasta juu ya kila moja: LAINI, DELTA, STA. Hapo umeshapita nusu ya kazi.

Ndipo uje kwenye waya nyembamba

Njia ya amri karibu zote zina umbo moja. Chukua ile ya kuwasha moja kwa moja, maana nyingine zote ni watoto wake. Fezi inatoka kwenye fyuzi ndogo, inaingia ovalodi kwenye 95 na kutoka 96. Inakwenda kitufe chekundu, ambacho kimefunga muda wote mpaka ukibonyeze. Inatoka hapo kwenda kitufe cha kijani, ambacho kimeachia mpaka ukibonyeze. Kutoka kijani inaingia A1 ya kontakta, na A2 inarudi nyutro; A1 na A2 ndizo ncha za koili inayoivuta kontakta. Sambamba na kitufe cha kijani kuna waya mbili zinazokwenda 13 na 14 ubavuni mwa kontakta hiyo hiyo. Ukibonyeza kijani kontakta inavuta, 13-14 inafunga, na sasa umeme unapita huko hata ukiondoa kidole. Kontakta imejishikilia yenyewe. Umeme ukikatika inaachia, na ukirudi mota haijiwashi ikamkata mtu mkono akiwa anasafisha kinu. Ndiyo maana mimi sikubali mtu anayeziunganisha hizo 13-14 moja kwa moja "ili mashine iwake yenyewe".

Tarakimu ya mwisho ya pini za pembeni ndiyo lugha yake. Ikiishia 3 na 4 (13-14, 43-44) iko wazi kontakta ikiwa imelala. Ikiishia 1 na 2 (21-22, 61-62) imefunga kontakta ikiwa imelala. Ukiona 21-22 ya kontakta ya sta imepitiwa na waya inayokwenda A1 ya delta, na ya delta imepitiwa na ile ya sta, hilo ni zuio la umeme: mmoja akivuta mwenzake hawezi. Usiliondoe kamwe. Sta na delta zikivuta pamoja ni fezi tatu zimeshikanishwa, na utasikia mlio mpaka barabarani.

Kwenye ovalodi 95-96 ndiyo inayokata, 97-98 ndiyo inayowasha taa ya hitilafu. Taima ya kawaida ina 15 katikati, 16 iliyofunga na 18 iliyo wazi. Taima ya sta-delta yenyewe mara nyingi ina 17, kisha 18 kwa sta na 28 kwa delta.

Herufi kwenye vibandiko

Hapa paneli za mtumba zinasumbua kwa sababu kila nchi ina desturi yake. Za China, ambazo ndizo nyingi huku kwetu, QF ni breka, KM kontakta, FR ovalodi, KT taima, KA rilei ndogo, SB kitufe, SA swichi ya kuchagua, HL taa, FU fyuzi, TC transfoma ya amri, XT terminali. Za Ulaya za zamani utakuta Q ni breka, F ni fyuzi na ovalodi, K kontakta na rilei zote, S vitufe, H taa, T transfoma, X terminali, M mota. Zile mpya zaidi kontakta ya nguvu imeitwa Q na taa imeitwa P. Ukilijua hilo hutashangaa kukuta Q tano wakati breka ni mbili tu.

Namba kwenye waya ni kitu kingine. Waya zenye namba moja ziko pamoja kiumeme, hata moja ikiwa juu mlangoni na nyingine chini kwenye terminali.

Soma koili kabla hujanunua kontakta

Kontakta mbili zinaweza kufanana kama mapacha na koili zikawa tofauti kabisa. Volti za koili zimeandikwa karibu na A1 au A2, au ziko mwishoni mwa namba ya bidhaa. Mfano kontakta za Schneider zinazoanza na LC1D: ikiisha na B7 ni volti 24 za AC, BD ni 24 za DC, F7 ni 110, M7 ni 220, P7 ni 230, Q7 ni 380. Kwa hiyo LC1D32P7 ni kontakta ya ampea 32 yenye koili ya volti 230. Na hizo ampea 32 ni za AC-3, yaani kazi ya mota. Kwa mzigo wa hita, AC-1, kontakta hiyo hiyo imeandikwa 50. Muuzaji atakuonyesha hiyo 50. Wewe tafuta AC-3.

Naishia hapo kwanza. Karibuni, ulizeni na mnikosoe nilipoteleza.

#2 Mdau (Nzega)

Mkuu uzi mzuri ila umekuwa mrefu. Waya sita zinachukua muda gani? Mimi najaribu, ikizunguka vibaya nabadilisha mbili, inakwenda. Miaka kumi sasa.

#3 Mleta uzi

Ndugu yangu wa Nzega, kubadilisha mbili ni dawa ya mota ya waya tatu inayozunguka kinyume. Hapo uko sahihi na mimi nafanya hivyo. Kwa waya sita ukibadilisha mbili upande wa mota unaweza kuharibu jozi, ndiyo hasa ilivyokuwa Igunga. Kama unataka kugeuza mzunguko wa sta-delta, badilisha fezi mbili kule kebo inapoingia kwenye paneli, kabla ya kontakta zote. Waya sita usiziguse.

Na kuzijua jozi hakuchukui hata robo saa. Toa vipande vya shaba kwenye kisanduku cha mota, weka multimita kwenye omu. Ncha sita zitakupa jozi tatu zinazosoma, na jozi na jozi hazisomani. Kwa mpangilio wa kawaida safu moja ni U1, V1, W1 na nyingine ni W2, U2, V2. Hawakuzipanga U2, V2, W2 kwa makusudi, ili vipande vitatu vikikaa wima vikupe delta, vikilala kwenye W2, U2, V2 vikupe sta. Ukiona mota yako U1 iko uso kwa uso na W2, kila kitu kiko sawa. Kabla ya kurudisha kebo pima na mega (kipimo cha uzima wa vanishi na kinga za waya) ya volti 500 kati ya koili na bodi. Chini ya megaomu 1 usiwashe. Na mega usiipige ikiwa draivu bado imeungwa, utaua draivu.

Jambo ambalo sikulisema: soma kibati uone kama mota inakubali sta-delta. Kwa umeme wetu wa 400, kibati lazima kiseme delta ni 400 (mara nyingi utakuta 400/690). Kikisema delta 230, sta 400, mota hiyo inakaa sta maisha yake yote. Ukiipeleka delta kwa volti 400 umeichoma.

#4 Mwanafunzi wa ufundi umeme (Tabora mjini)

Shikamoo fundi. Naomba kuuliza kuhusu rangi. Chuoni tumefundishwa kahawia, nyeusi, kijivu, na nyutro bluu. Nikaenda field nikakuta nyekundu, njano, bluu, na nyutro nyeusi. Halafu paneli moja waya zote za nguvu nyeusi tupu! Nishike ipi?

#5 Mleta uzi

Marahaba kijana wangu. Zote tatu ni za kweli, na umeuliza jambo ambalo limeua watu.

Nyekundu, njano, bluu na nyutro nyeusi ni rangi za zamani za Kiingereza. Waingereza wenyewe waliruhusu mpya 2004 na kuzifanya za lazima 2006, ila majengo na mashine za huku zina za zamani na zitaendelea kuwa nazo. Angalia hatari ilipo: bluu ya zamani ni fezi, bluu mpya ni nyutro. Nyeusi ya zamani ni nyutro, nyeusi mpya ni fezi. Zikikutana kwenye kisanduku kimoja, mtu anayeamini rangi ataunga fezi na nyutro pamoja.

Hiyo ya nyeusi tupu ni desturi ya ndani ya paneli za mashine: nyeusi ni nguvu, nyekundu ni amri ya AC, bluu ni amri ya DC, chungwa ni ile niliyoitaja inayobaki hai. Kijani na njano pamoja ni athi, na hiyo peke yake ndiyo hairuhusiwi kutumika kwa kazi nyingine. Lakini nimeshakuta mtu ameitumia kwa fezi kwa sababu ndiyo iliyobaki kwenye mkoba. Rangi ikupe wazo, kipimo kikupe jibu.

#6 Mdau (Ujiji, Kigoma)

Habari za Tabora. Sisi tuna mashine ya kukamua mawese, mota kilowati 11, inawashwa moja kwa moja. Shida yetu kontakta. Asubuhi inavuta safi, ikifika saa moja jioni inalia kama mzinga wa nyuki, mara inavuta mara inaachia, pini zinatoa cheche. Tumebadilisha kontakta mbili ndani ya miezi michache. Fundi anasema ni feki. Zote mbili?

#7 Mleta uzi

Ndugu wa Ujiji, kabla ya kununua ya tatu nifanyie kipimo kimoja. Weka multimita kwenye A1 na A2, washa saa ya jioni inayosumbua, na usome volti pale pale kontakta inapojaribu kuvuta, siyo ikiwa imetulia. Kontakta iliyotengenezwa kwa viwango inatakiwa ivute kuanzia asilimia 85 ya volti za koili yake. Kwa koili ya 230 hiyo ni kama volti 195. Chini ya hapo haina lawama.

Kisa chake kiko hivi. Kontakta ikivuta, mota inaanza na umeme mara sita au saba ya kawaida, laini inashuka, koili inakosa nguvu, inaachia. Mota ikiachwa laini inapanda, koili inavuta tena. Ndiyo huo mlio wa nyuki, na kila kurudi ni cheche kwenye pini.

Ukikuta volti kwenye A1-A2 ni ndogo, linganisha na zinazoingia kwenye paneli wakati huo huo. Kama zinazoingia ni nzuri na za koili ni mbaya, zinapotelea njiani: skrubu ya nyutro iliyolegea, fyuzi iliyoshika kutu, pini ya 95-96 iliyoungua. Kama hata zinazoingia ziko chini, kosa liko nje ya paneli au kebo yenu ni nyembamba kwa urefu wake. Na kama volti ziko sawa kabisa ila bado inalia, fungua kontakta iliyolala utazame nyuso mbili za sumaku. Kwenye nyuso hizo kuna kiduara cha shaba kilichozamishwa. Kikipasuka, au vumbi na mafuta vikikaa kati ya nyuso, itanguruma hata kwa volti kamili. Kwa mawese ningeangalia mafuta kwanza.

#8 Mdau (Uvinza)

Niongezee la kwetu. Mimi nipo kwenye pampu za maji chumvi. Paneli zetu haziungui kwa kukosea waya, zinaliwa. Waya nyuzinyuzi ukiiingiza uchi kwenye terminali, baada ya muda unaikuta imekuwa kijani, skrubu umeikaza lakini chini ni unga. Siku hizi kila waya nyembamba naivika feruli (kikofia cha chuma cha ncha), kila nene naiweka lagi (kichwa chenye tundu la skrubu) iliyominywa na koleo lake, siyo nyundo. Na mashimo ya kebo chini ya paneli naziba, maana hewa ya chumvi inapanda humo humo.

Hilo la waya ya chungwa nalikubali kwa mkono wangu huu wa kushoto. Nilizima swichi, nikafunga kufuli, nikapima fezi tatu, zote zimekufa. Nikashika terminali ya boya la tangi. Boya linapata umeme toka paneli ya ng'ambo ya bwawa. Nilirushwa nikaangukia mgongo. Tangu siku hiyo napima kila terminali ya XT moja moja, hata zile zinazoonekana hazina maana.

#9 Mleta uzi

Pole sana ndugu wa Uvinza, na ahsante kwa kulisema wazi. Wadau someni #8 mara mbili.

#10 Mdau (Nzega)

Mkuu narudi. Juzi nimeitwa kwenye mashine ya kukamua alizeti, sta-delta, nikajaribu njia yako ya kuandika kwenye plasta. Swali: ovalodi nimeikuta haiko chini ya kontakta ya laini. Imekaa peke yake kwenye reli, inapokea kutoka breka, halafu ndipo njia inagawanyika kwenda laini na delta. Niweke 58 au nzima?

#11 Mleta uzi

Weka nzima, kaka. Swali lako ni zuri kuliko maelezo yangu. Kama ovalodi iko kabla njia haijagawanyika, umeme wote wa mota unapita humo, kwa hiyo unaweka namba ya kibati kama ilivyo. Kama iko baada ya kugawanyika, kwenye waya za U1, V1, W1, unaweka namba ya kibati mara 0.58. Ndiyo sababu nasema fuata waya nene kwa kidole kwanza, kwa kuangalia ovalodi peke yake huwezi kujua.

Tazama pia kiswichi kidogo cha H na A usoni mwake. H maana yake ikikata inangoja mkono wa mtu kuirudisha. A inarudi yenyewe ikipoa. Kwa mashine ambayo watu wanaingiza mikono, iache H.

#12 Mdau (Ujiji, Kigoma)

Fundi nimepima kama ulivyoelekeza. Jioni zinazoingia kwenye paneli 218, kwenye A1-A2 ikijaribu kuvuta 171. Tulifuata nyutro ya amri, tukakuta imeungwa katikati ya tranki (mfereji wa kupitishia waya) kwa kusokotwa na kufungwa utepe, shaba imekuwa nyeusi. Tumevuta waya mpya nzima toka terminali mpaka A2. Sasa inasoma 209 ikivuta na haijalia siku nne. Zile kontakta mbili tulizozitupa kwenye ndoo nimezitoa, moja pini zake bado nzuri, tumeihifadhi.

#13 Mleta uzi

Mmefanya vema sana. Hiyo moja isafisheni nyuso za sumaku kwa kitambaa kikavu, msipige msasa.

Na mrejesho wa Igunga. Mota imesukwa upya, imerudi jana. Kabla ya kuifunga tulikaa chini na yule kijana wa mara ya kwanza, nikampa multimita azitafute jozi tatu mwenyewe. Akazipata, akavika kila waya kibandiko ncha zote mbili: U1, V1, W1, U2, V2, W2. Mega ilisoma vizuri. Ovalodi tumeishusha mpaka 24, iko H. Tukaondoa mkanda wa kinu, tukawasha mota ikiwa tupu, tukasikiliza sta, taima ikahamisha, delta ikashika bila kunguruma. Mkanda ukarudishwa, mpunga ukaingia, klampu mita kwenye U1, V1 na W1 ikasoma 19, 19 na 20.

Mchoro tumeuchora kwa mkono kwenye karatasi mbili, njia ya nguvu upande mmoja na ya amri upande wa pili. Moja nimeiweka ndani ya nailoni nikaibandika nyuma ya mlango wa paneli. Ya pili mama ameichukua, akaikunja mara mbili na kuiweka kwenye daftari lake la magunia, akaniambia, "Mwanangu, hii fundi yeyote akija lazima aanze nayo."

Kijana ameomba kuja Ipuli Jumamosi. Nina paneli nyingine ya mtumba hapa uani, kontakta tano, haina kibandiko hata kimoja. Aliye karibu naye aje na daftari.